Alois Alzheimer: Daktari wa Usahaulifu

Mzee wa Bokoli, Bungoma, anaposahau njia ya shambani mwake, jirani mmoja husema ni uzee, mwingine hushuku uchawi. Mara nyingi usahaulifu huo ni maradhi yenye jina la daktari Mjerumani.

Alois Alzheimer alizaliwa Marktbreit tarehe 14 Juni 1864. Mwaka 1888 aliajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Huko, mwaka 1901, alikutana na Auguste Deter, mwanamke wa miaka 51 aliyeshindwa hata kuandika jina lake. Alimhoji na kuyanakili majibu yake, lakini chanzo kilibaki kimefichwa na fuvu. Auguste alipofariki mwezi Aprili 1906, Alzheimer, aliyekwisha kuhamia Munich, aliletewa ubongo wake. Kwa hadubini aliona mabaka na nyuzi zilizosokotana. Aliyaeleza hayo mjini Tübingen tarehe 3 Novemba 1906, wasikilizaji wasiyajali. Mwaka 1910 mkuu wake, Emil Kraepelin, aliyapa maradhi hayo jina la Alzheimer. Alifariki tarehe 19 Desemba 1915, naye akiwa na miaka 51.

Aliyoyaona baada ya kifo, leo huonekana katika uhai. Mwaka 2004 watafiti wa Uppsala na Pittsburgh walichapisha picha za mabaka hayo katika bongo za watu hai, nayo huweza kutangulia usahaulifu kwa miaka mingi. Hata hivyo, picha hutanguliwa na safari ya kwenda kwa daktari, na mzee aliyekwisha kuhukumiwa kwamba amerogwa hapelekwi huko.