Mama Kinzembo na Mgeni



Papa Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba mwaka 1887. Mama Luezi aliyemzaa alikufa mapema, naye Mama Kinzembo akamlea. Wazee wetu wametusimulia kwamba siku moja Cameron, mmisionari wa Kibatisti, alifika Nkamba akikimbia watu waliotaka kumdhuru. Hakuwa na ndugu pale. Mama Kinzembo alimficha nyumbani mwake, akampa maji ya kunywa. Cameron hakuwa na kitu cha kumlipa, basi kwa shukrani akamwombea mama yule na mtoto wake baraka za Mungu.

Mtoto akakua, akabatizwa tarehe 4 Julai 1915 pamoja na Mama Mwilu Marie. Tarehe 6 Aprili 1921, kule Ngombe Kinsuka, alimwekea mikono mgonjwa Nkiantondo, naye akapona. Wagonjwa wakaja Nkamba toka pande nyingi, akawapokea.

Tarehe 3 Oktoba 1921, Thysville, wazungu wakamhukumu kifo. Mfalme Albert I akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alifia Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 gerezani.

Tufikiri, ndugu: nyumba iliyomficha mzungu, wazungu wakaichukulia mtoto. Hata hivyo Papa hakutufundisha kisasi.

Basi mgeni akipiga hodi, tusimuulize kwanza kabila. Tumpe maji. Nasi tuliosaidiwa tusisahau kuwaombea waliotufungulia mlango. Amina.