Anne Sullivan, Mwalimu wa Mtoto Mmoja

Anne Sullivan alizaliwa mwaka 1866 katika jimbo la Massachusetts, nchi ya Marekani. Wazazi wake walikuwa maskini waliotoka Ireland. Alipokuwa na umri wa miaka kama mitano alishikwa na ugonjwa wa macho, akawa karibu kipofu. Kisha mama yake akafa, na mwaka 1876 yeye na ndugu yake mdogo wakapelekwa katika nyumba ya maskini huko Tewksbury. Yule ndugu akafa baada ya miezi michache. Anne alipoingia shule ya vipofu ya Perkins mjini Boston, alikuwa na miaka 14, wala hakujua kusoma. Waganga wakampasua macho, akapata kuona kidogo. Na mwaka 1886 alimaliza shule akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Mwaka uliofuata aliitwa Tuscumbia, Alabama, kumfundisha Helen Keller, mtoto aliyekuwa hajatimiza miaka saba. Helen aliugua alipokuwa na miezi 19, na tangu hapo hakuona wala hakusikia. Wazazi wake walimhurumia mno, hata hawakuthubutu kumkataza neno. Mezani alitia mkono katika sahani ya kila mtu. Anne aliona kwamba huruma ya namna hiyo ni kifungo cha pili. Basi akaomba akae na mtoto peke yao katika nyumba ndogo iliyokuwa mbali kidogo na nyumba kubwa. Huko Helen alipiga mateke, akakataa kuguswa. Baada ya siku chache akatulia, akaanza kutii.

Kila kitu alichoshika mtoto, Anne alimwandikia jina lake kiganjani kwa herufi za vidole. Helen aliziiga upesi, lakini kwake zilikuwa mchezo tu. Hakujua ya kuwa vitu vina majina. Tarehe 5 Aprili 1887 walikwenda kwenye bomba la maji. Maji yakamwagika juu ya mkono mmoja wa mtoto, na katika mkono wa pili mwalimu akaandika jina la maji, polepole, kisha upesi. Helen akasimama kimya. Alikuwa amefahamu. Akauliza jina la kila alichokigusa, na la mwalimu wake pia.

Watu hulikumbuka bomba lile, lakini kazi kubwa ilikuwa baadaye. Anne aliacha masomo ya saa maalum. Alifikiri jinsi mtoto mchanga ajifunzavyo kusema: hawekwi darasani, bali husikia watu wakisema mchana kutwa, kisha huanza mwenyewe. Kwa hiyo akazungumza na Helen mkononi kwa maneno kamili, ijapokuwa mengi hayakufahamika bado. Kando ya mto mwalimu alifinyanga milima na mabonde kwa udongo, mtoto akaipapasa. Ndiyo jiografia yake. Alipouliza neno, alijibiwa papo hapo. Mwalimu wa watoto arobaini hawezi kufanya hivyo. Anne alikuwa na mmoja tu.

Mwaka 1900 Helen aliingia chuo cha Radcliffe. Anne aliketi karibu naye, akamwandikia kiganjani yote yaliyosemwa na walimu, na usiku akamsomea vitabu visivyopatikana katika maandishi ya vipofu, ingawa macho yake mwenyewe yalikuwa mabovu. Helen alipata shahada yake mwaka 1904.

Anne alikufa tarehe 20 Oktoba 1936 huko New York, naye amekwisha kuwa kipofu. Helen alikuwa kando yake, amemshika mkono.