Dunlop: Daktari wa mifugo aliyetia upepo kwenye tairi

WASAFIRISHAJI wengi wa mazao wamelisoma jina la Dunlop ubavuni mwa tairi. Si wengi wanaojua kwamba mwenye jina hilo alikuwa daktari wa mifugo.

John Boyd Dunlop alizaliwa Februari 5, 1840 shambani huko Dreghorn, Scotland. Alisomea tiba ya mifugo Edinburgh, na mwaka 1867 akahamia Ireland, ambako alifungua kliniki mjini Belfast.

Mwaka 1887 alikuwa akimtazama mwanawe akiendesha baiskeli ya magurudumu matatu, yenye mipira migumu isiyo na upepo, ikimrusharusha barabarani. Akachukua duara la ubao, akalizungushia mpira wa ndani aliouunda mwenyewe, akaufunika kwa kitambaa kilichopigiliwa misumari, kisha akaujaza upepo. Alipoliviringisha uani, lilikwenda mbali kuliko gurudumu la baiskeli. Mwaka 1888 akapata hataza, yaani hati ya kulinda ugunduzi wake. Mwaka uliofuata Willie Hume alishinda mashindano ya baiskeli Belfast kwa matairi hayo, na mfanyabiashara Harvey du Cros akaingia kwenye biashara.

Furaha haikudumu. Ilibainika kwamba Mskochi mwingine, Robert William Thomson, alikuwa na hataza ya wazo hilo hilo tangu 1845. Hataza ya Dunlop ikawa karatasi tu.

Tena tairi lake lilikuwa na kasoro: lilibandikwa kwenye rimu, hivyo kuziba pancha ilikuwa kazi ngumu. Mwaka 1890 Charles Kingston Welch aliunda tairi lenye waya kwenye kingo zake, pamoja na rimu yenye umbo la kulishika. Kampuni ikanunua haki hiyo, na hapo ndipo iliponusurika.

Tangu hapo tairi na rimu ni kitu kimoja, jambo ambalo wengi wetu tunalisahau mbele ya pampu. Upepo hausukumi tairi peke yake, unasukuma na kingo za rimu kwa nje. Tairi likiandikwa kikomo cha PSI 65 na rimu ikaandikwa 50, kikomo chako ni 50. Tairi pana huisukuma rimu zaidi hata kwa upepo ule ule. Na kama kwa 50 tairi linabonyea chini ya mzigo, punguza magunia au tafuta gurudumu imara zaidi, usiongeze upepo. Rimu iliyopasuka au kuliwa na kutu haina kikomo cha kuaminika hata kidogo.

Dunlop alijiuzulu mwaka 1895. Mwaka 1896 kampuni ikauzwa kwa pauni milioni tatu, lakini utajiri huo haukuwa wake. Alifariki Dublin Oktoba 23, 1921, akiwa na umri wa miaka 81.