Margaret Fuller: Mhariri aliyeahidiwa mshahara, akangoja hadi akachoka

Kama umewahi kufanya kazi miezi kadhaa ukiambiwa pesa zinakuja, huyu dada utamwelewa.

Margaret Fuller alizaliwa 1810 jimboni Massachusetts, Marekani. Babake, wakili na mbunge, alimfunza Kilatini akiwa bado mdogo, somo ambalo enzi hizo lilionekana la wavulana. Mzee alipofariki 1835, elimu hiyo yote haikumfungulia mlango wa chuo kikuu wala wa mahakama. Huko waliingia wanaume pekee. Basi akawa mwalimu ili awasaidie mamake na wadogo zake.

Mwaka wa 1839 alianzisha vikao vya mjadala vya wanawake mjini Boston, kwa ada. Mwaka uliofuata akawa mhariri wa kwanza wa jarida The Dial. Aliahidiwa dola 200 kwa mwaka. Hakuziona. Alisahihisha makala za wenzake, na zilipopungua akajaza kurasa mwenyewe. Baada ya miaka miwili, akaachia wengine kiti.

Kalamu hakuiachia mtu. Mwaka wa 1843 jarida hilohilo lilichapisha makala yake ndefu kuhusu wanawake. Aliipanua ikawa kitabu, Woman in the Nineteenth Century, kilichotoka 1845. Hoja yake ilikuwa moja: mwanamke afanye kazi yoyote anayoiweza, hata unahodha wa meli.

Kufikia wakati huo Horace Greeley, mwenye gazeti la New-York Tribune, alikuwa amemwajiri, safari hii kwa malipo. Fuller aliwatembelea wafungwa wa kike gerezani Sing Sing, kisha 1846 akaenda Ulaya kuliandikia gazeti hilo. Mapinduzi yalipotokea Roma, aliripoti na pia kusimamia hospitali ya majeruhi. Huko alipata mtoto na Mwitaliano Giovanni Ossoli.

Mwaka wa 1850 walipanda meli kurudi Marekani. Nahodha alikufa kwa ndui njiani. Julai 19, meli ilikwama kwenye mchanga Fire Island, karibu na New York, watu wakiitazama kutoka ufuoni. Fuller, Ossoli na mtoto wao, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, waliangamia. Mswada wake kuhusu mapinduzi ya Roma ulipotea pia.

Alikuwa na miaka 40. Kile kitabu chake cha 1845, kilichoanzia kwenye jarida lisilomlipa, kinasomwa hadi leo.