Jean de Heinzelin, mtaalamu aliyesoma hesabu kwenye mfupa wa Ishango

Mwanafunzi wa mtaa wa Nyalukemba, komini ya Ibanda mjini Bukavu, hahitaji kutoka Kivu ili kupata somo la hesabu lenye maelfu ya miaka. Somo hilo lilitoka ardhini huko Ishango, Kivu Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Aliyelifukua ni Mbelgiji Jean de Heinzelin de Braucourt.

De Heinzelin alizaliwa tarehe 6 Agosti 1920. Alikuwa mtaalamu wa jiolojia kwenye taasisi ya kifalme ya sayansi ya asili mjini Brussels, na pia alifundisha kwenye chuo kikuu cha Gent. Mwaka 1950, akikaribia umri wa miaka 30, alichimba Ishango, ndani ya mbuga iliyoitwa Albert, ambayo leo ni Virunga. Kongo ilikuwa bado koloni. Kivu ilikuwa jimbo moja, na makao yake makuu yalikuwa Bukavu, wakati huo ikiitwa Costermansville.

Alikuta mabaki ya watu walioishi kwa uvuvi: vyusa vya mfupa, mifupa ya samaki na ya wanyama, vyombo vya mawe. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na mfupa mdogo wa urefu wa sentimita 10 hivi, wenye kipande cha jiwe gumu kwenye ncha moja, na mikato iliyopangwa katika safu tatu.

Wengi wangeuita urembo tu. De Heinzelin alianza kuhesabu. Safu moja ina mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ile ya katikati ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Safu mbili za kwanza kila moja inafikia 60, ya katikati inafikia 48. Jumla ni 168.

Kisha alitafuta uhusiano kati ya namba hizo. Aliona kwamba 3 na 6, pia 4 na 8, zinaonyesha kuzidisha kwa mbili. Aliona kwamba 11, 21, 19 na 9 ni 10 na 20 zilizoongezwa au kupunguzwa moja. Aliona pia kwamba 11, 13, 17 na 19 ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1962 alichapisha maelezo yake katika jarida la Marekani Scientific American, akisema huenda ni aina ya mchezo wa hesabu.

Si wote waliokubali. Mmarekani Alexander Marshack aliona kwenye mikato hiyo kalenda ya mwezi. Wengine walisema namba tasa zimetokea kwa bahati tu, kwa sababu kuzitambua kunadai mtu ajue kwanza kugawanya. Hata umri wa mfupa ulibadilika: mwanzoni ulikadiriwa kuwa chini ya miaka 12.000, lakini utafiti wa miaka ya 1980 uliusogeza hadi miaka 20.000 hivi.

De Heinzelin hakuacha kazi. Alirudia kuandika juu ya bonde la Semliki, kisha akashiriki utafiti wa Bouri, Ethiopia, ambako ilipatikana mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa mawe, ya miaka milioni 2,5. Alifariki tarehe 4 Novemba 1998. Matokeo ya Bouri yalichapishwa mwaka 1999, jina lake likiwa la kwanza.

Mfupa wa Ishango uko Brussels hadi leo, mbali na watoto wa Kivu. Namba zake hazihitaji viza. Mwalimu wa Bukavu anaweza kuziandika ubaoni bila maelezo yoyote, akawaachia wanafunzi wahesabu, watafute mpangilio, watetee jibu lao, kisha mwenzao atafute kasoro yake. Ndiyo njia aliyopita De Heinzelin, na ndiyo waliyopita waliompinga. Mtoto aliyezoea kukariri kanuni kwa ajili ya Egzamedeta atashangaa kwanza, maana swali hili bado halina jibu moja la kukariri.