Robert Owen wa New Lanark

Wako ndugu zetu wanaosema kwamba mfanyakazi akipata bwana mwema hana haja ya kitu kingine. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, nasi hatuyadharau, kwa kuwa mabwana wema wamekuwako duniani. Leo twapenda kumweleza msomaji habari za mmoja wao, aliyekuwa mwema kupita karibu wote wa zama zake.

Katika nchi ya Uskoti, kusini-mashariki ya mji wa Glasgow, mto Clyde waporomoka kati ya majabali ya wilaya ya Lanark. Sehemu hiyo ilikuwa ya wakulima. Mwaka 1785 mfanyabiashara wa Glasgow, David Dale, aliungana na Richard Arkwright, aliyevumbua mashine ya kusokota nyuzi kwa nguvu za maji, wakaanza kujenga bondeni kiwanda cha pamba. Maji hayakuwa na gharama, yakazungusha magurudumu. Shida ilikuwa watu. Mkulima aliyezoea kufuata jua na mvua hakupenda kufungiwa ndani na kuitwa kwa kengele. Kwa hiyo Dale alichukua watu wa milimani waliokuwa wakihama nchi kwa umaskini, na tena akachukua watoto kutoka nyumba za maskini za Edinburgh na Glasgow. Watoto hao walikaribia 500. Dale aliwalisha vizuri, aliwavika, hata aliwapa mwalimu wa jioni. Lakini walipofika mbele ya mwalimu walikuwa wamekwisha kufanya kazi kutwa nzima, na wengi walisinzia.

Hapo ndipo alipoingia Robert Owen. Alizaliwa Newtown, katika Wales, tarehe 14 Mei 1771, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Aliondoka kwao akiwa na umri wa miaka 10 kwenda kutumika dukani kwa muuza nguo; alipokuwa kijana wa miaka 20 hivi alikuwa msimamizi wa kiwanda cha watu 500 katika Manchester. Mwaka 1799 yeye na wabia wake walinunua New Lanark kwa pauni 60,000, naye akamwoa Caroline, binti yake Dale. Tarehe 1 Januari 1800 akashika usimamizi.

Wenyeji walimpokea kwa mashaka, wala hatuwalaumu: alikuwa mgeni, tena tajiri. Kilichowageuza mioyo ni jambo moja. Marekani ilipozuia bidhaa zake zisiuzwe nje, bei ya pamba ilipanda mno na viwanda vingi vikafukuza watu. Owen alisimamisha mashine muda wa miezi minne, akawalipa wote mshahara kamili kwa kazi ya kusafisha mitambo tu. Jambo hilo liligharimu zaidi ya pauni 7,000. Tangu siku hiyo walimwamini.

Aliacha kuchukua watoto wa nyumba za maskini, na hakuruhusu mtoto aliye chini ya miaka 10 kuingia kiwandani. Kufikia mwaka 1816 siku ya kazi ilikuwa imepunguzwa hadi saa 10 na dakika 45, bila kuhesabu muda wa kula, hali viwanda vingine vilikuwa vikidai saa 13 au 14. Alifungua duka lililouza vyakula vyema kwa bei iliyozidi kidogo tu ile ya kununulia, na faida yake ikasaidia shule. Shule hiyo ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1816. Watoto waliingia mara walipojua kutembea, wakafundishwa ramani, kuimba na kucheza ngoma, na fimbo ilikatazwa kabisa. Sisi tuliosoma chini ya fimbo twaweza kupima ukubwa wa jambo hilo.

Lakini tazama na upande wa pili. Juu ya kila mfanyakazi kilining'inia kipande cha mti chenye pande nne zenye rangi: nyeusi kwa mwenendo mbaya, buluu kwa wa wastani, manjano kwa mzuri, nyeupe kwa bora. Nyapara alikigeuza kila siku na rangi ikaandikwa katika kitabu. Hakuna aliyepigwa, lakini vilevile hakuna aliyeulizwa. Duka halikuwa lao, shule haikuwa yao, wala kamati ya kupanga saa za kazi hawakuwa nayo. Wabia walipogombana na Owen na kiwanda kikapigwa mnada mwaka 1813, watu wa New Lanark walikaa wakingoja kusikia ni nani atakayewanunua pamoja na mashine. Owen alishinda kwa pauni 114,100, wakashangilia. Je, kama angeshindwa?

Na wale waliolima pamba yenyewe kule Marekani, watumwa weusi, hawakuwamo katika hesabu ya wema huo. Hata Owen alipoanzisha kijiji cha ujamaa huko New Harmony, Indiana, mwaka 1825, kanuni zake zilifungua mlango kwa watu wote isipokuwa wenye rangi. Twaandika hayo kwa masikitiko. Kijiji hicho kilivunjika katika muda wa miaka miwili hivi, na sehemu kubwa ya mali yake ikapotea humo.

Bungeni pia alipunjwa. Sheria ya mwaka 1819 aliyoitafuta kwa ajili ya watoto wa viwandani ilitoka ikiwa dhaifu, bila wakaguzi wa kuitimiza. Mwaka 1834 aliongoza muungano mkubwa wa vyama vya wafanyakazi, nao ukafa mwaka huohuo.

Kilichodumu kilifanywa na wengine. Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, baadhi yao wafuasi wa mafundisho yake, walichanga pesa zao wenyewe wakafungua duka la unga, siagi, sukari na mishumaa. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, na faida iligawanywa kwa kadiri ya manunuzi. Hakukuwa na bwana mwema humo. Kwa njia hiyo ya kushikana wenyewe wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro nao waliunda chama chao kikuu cha ushirika mwaka 1933.

Owen alirudi Newtown akiwa mzee wa miaka 87, akafa huko tarehe 17 Novemba 1858, akazikwa karibu na wazazi wake. Mwaka 1902 wanaushirika walilijengea kaburi lake ukumbusho.