Nani humbishia hodi mchekeshaji?

Huenda umewahi kuitazama Mind Your Language, ile tamthilia ya vichekesho ya Uingereza kuhusu darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza jijini London. Ali, Ranjeet, Giovanni na wenzao walimtoa jasho mwalimu wao, Bwana Brown, naye akawavumilia kila jioni. Aliyemwigiza mwalimu huyo aliitwa Barry Evans.

Evans alizaliwa Guildford, kusini mwa Uingereza, mwaka 1943. Aliachwa na wazazi akiwa mchanga, akalelewa katika makao ya watoto ya Shaftesbury Homes, shirika lililowahifadhi yatima na watoto fukara. Kijana yule alikuwa na kipaji, akapata ufadhili wa kusomea uigizaji. Mwaka 1969 aling'ara katika Doctor in the House akiwa mwanafunzi wa udaktari. Kuanzia 1977 akawa Bwana Brown, na watu wa Ulaya, Asia na Afrika wakamcheka na kumpenda.

Baadaye kazi zilipungua. Umri ulisogea lakini uso wake ulibaki wa kijana, na nafasi za kuigiza hazikuja tena kama zamani. Miaka yake ya mwisho aliendesha teksi huko Leicestershire. Februari 1997 polisi walifika nyumbani kwake kumwarifu kwamba gari lake lililoibwa limepatikana. Walimkuta amekufa, akiwa na miaka 53.

Ndugu yangu, kuendesha teksi si aibu. Ni riziki halali. Kinachouma ni kwamba mtu aliyekaribishwa katika sebule za mamilioni alikutwa amekufa na watu waliokuja kwa habari za gari. Mithali 14:13 inatuonya kwamba anayecheka anaweza kuwa anauguza moyo. Nasi mara nyingi tukimwona mtu anacheka, tunaamini hana shida, tunampita.

Je, katika jumuiya yenu ni nani huwachekesha wote? Mara ya mwisho ulimtembelea lini bila kuwa na shida naye? Mtoto Barry aliokotwa kwa sababu kuna watu waliofungua mlango. Mtu mzima naye anahitaji wa kumbishia hodi. Leo ukitoka ibadani, pita kwake. Keti, muulize hali yake, na usiondoke kwa jibu la kwanza.